Usiihukumu Kompyuta ya Zamani Kabla ya Kuipima

*Mada iliyotolewa na Ofisa TEHAMA wa Halmashauri mbele ya wakazi na viongozi wa vikundi vya wajasiriamali katika mkutano wa kata.*



Wapo miongoni mwetu wanaoendesha huduma ya uchapaji, kutoa nakala na kuwasaidia wananchi kujaza maombi ya leseni na mikopo katika mifumo ya Serikali. Kilio chao ni kimoja: kompyuta imekuwa nzito. Mteja anasubiri, foleni inarefuka, na hatimaye katika kikao cha kikundi linatolewa pendekezo la kununua mashine mpya kwa fedha za mkopo. Ndugu zangu, mkopo wa asilimia 10 unaotolewa na halmashauri hauna riba, lakini hurejeshwa. Kila shilingi itakayotumika pasipo sababu ni deni ambalo wanakikundi watalilipa kwa jasho lao.

Nawaomba, basi, msiihukumu kompyuta ya mezani kwa umri wake peke yake. Mara nyingi mashine haijachoka, bali imepungukiwa na kumbukumbu, ile ambayo mafundi huiita RAM. Na mara nyingine kumbukumbu haina kosa lolote, na kuiongeza ni kumpa mgonjwa wa jino dawa ya macho. Ni kipimo tu kitakachotenganisha hali hizo mbili.

Kumbukumbu ni meza, si kabati

Neno hili kumbukumbu huwapotosha watu. Wengi hudhani kwamba humo ndimo yanamokaa mafaili na picha zao, kisha huogopa kwamba fundi akiigusa RAM kazi zao zitapotea. Sivyo. Mtazameni fundi cherehani. Vitambaa vyake vyote vimo kabatini, lakini kile anachokikata sasa kimetandazwa mezani. Diski ya kompyuta ndiyo kabati, na RAM ndiyo meza. Umeme ukikatika, meza hufutika na kabati hubaki. Ndiyo maana barua ambayo haikuhifadhiwa hupotea, na ile iliyohifadhiwa huonekana tena.

Meza ikiwa ndogo, fundi hulazimika kukunja kitambaa kimoja na kukirudisha kabatini kila anapotaka kutandaza kingine. Kompyuta nayo hufanya vivyo hivyo. RAM inapojaa, huhamishia sehemu ya kazi kwenye diski, nayo diski ni ya polepole mno ikilinganishwa na RAM. Mashine iliyotosheka na GB 2 miaka kumi na mitano iliyopita leo huelemewa na kivinjari chenye kurasa chache tu, kwa kuwa kurasa za siku hizi ni nzito kuliko zile za zamani.

Namna ya kupima

Kipimo hakihitaji fedha. Fungueni kwa pamoja programu zote mnazotumia saa ya kazi nyingi: kivinjari, barua, printa na nyinginezo. Kisha, kwenye Windows 10, bonyezeni vitufe vya Ctrl, Shift na Esc kwa wakati mmoja. Katika dirisha litakalotokea chagueni sehemu iliyoandikwa Performance, kisha Memory. Hapo mtaona RAM iliyopo, kiasi kilichotumika, na idadi ya sloti zilizojazwa.

Kama kumbukumbu imefika asilimia 90 au zaidi huku diski nayo ikihangaika, meza ni ndogo, na RAM itasaidia. Kama kumbukumbu iko asilimia 50 na diski iko asilimia 100, tatizo liko kwenye diski. Hapo fedha ziende kwenye diski ya SSD, ambayo haina sahani inayozunguka. Na kama vyote viwili vimetulia, tazameni mtandao wenu au virusi kabla ya kufungua kasha la mashine.

Chunguzeni pia kama Windows iliyomo ni ya biti 32 au 64. Ile ya biti 32 inayotumika katika kompyuta za kawaida haivuki GB 4 hata ukiijazia RAM kiasi gani. Kikundi kinachonunua GB 8 kwa ajili ya mfumo wa biti 32 kimenunua meza ambayo nusu yake haikaliki.

Kununua inayofaa

RAM si kama balbu, ambayo yoyote huwaka. Kompyuta za mezani za zamani hutumia DDR2, DDR3 au DDR4, wala moja haiwezi kushika nafasi ya nyingine. DDR2 na DDR3 zote zina pini 240, lakini pengo la chini limewekwa mahali tofauti. DDR4 ina pini 288. Hata umeme wake hutofautiana: DDR2 hutumia volti 1.8, DDR3 volti 1.5, na DDR4 volti 1.2. Kipande kikikataa kuingia, msikilazimishe. Pengo lile liliwekwa makusudi ili kuzuia kosa.

Tuchukue mfano wa Dell OptiPlex 7010 ya mwaka 2012. Ile yenye kasha kubwa la kusimama ina sloti nne na hupokea DDR3 hadi jumla ya GB 32. Lakini mtengenezaji amelitumia jina hilohilo kwa kompyuta ya mwaka 2023, ambayo haipokei DDR3 kabisa. Kwa hiyo jina la mashine peke yake halitoshi. Njia ya uhakika ni kuchomoa kipande kilichomo na kwenda nacho dukani.

Someni lebo yake. PC2 ni DDR2, PC3 ni DDR3, na PC4 ni DDR4. Tarakimu zinazofuata zinaeleza kasi. Kwa mfano, PC3-12800 ni DDR3 ya kasi ya 1600. Mkichanganya kasi mbili, kwa kawaida zote zitafuata ile iliyo ndogo. Tazameni na herufi iliyo baada ya tarakimu. U ni ya kompyuta za kawaida za mezani. S ni ile fupi ya kompyuta mpakato. R ni ya seva, na hii huuzwa mitumba kwa bei ya kuvutia, lakini haifanyi kazi katika kompyuta ya kawaida ya mezani. Wahenga walisema rahisi ni ghali.

Inapowezekana, nunueni vipande viwili vinavyofanana badala ya kimoja kikubwa. GB 4 mbili, zikiwekwa katika sloti za jozi, hufanya kazi bega kwa bega na huipa mashine njia pana zaidi kuliko GB 8 moja. Kwa kazi za ofisi na za stationari, jumla ya GB 8 hutosha kwa kawaida. Muuzaji akubali kwa maandishi kukibadilisha kipande kikikataa, na mdai risiti ya EFD, maana fedha ni za kikundi, na hesabu itaulizwa.

Kuweka kwa usalama

Zimeni kompyuta na mchomoe waya wa umeme ukutani. Bonyezeni kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe. Fungueni kasha, kisha gusaneni na chuma chake kabla ya kushika kipande, kwa sababu umeme tuli wa mwilini unaweza kuiua RAM pasipo mtu kuhisi chochote. Shikeni kipande kwenye kingo, msiguse pini. Bonyezeni vishikizo vya sloti, linganisheni pengo, kisha sukumeni kwa nguvu sawa pande zote mbili hadi vishikizo vijifunge vyenyewe.

Mashine ikilia mlio wa kujirudia, au ikiwaka bila kuonyesha picha, msikate tamaa. Mara nyingi kipande hakijakaa sawasawa. Zimeni, chomoeni waya, kirudisheni. Ikishawaka, hakikisheni jumla ya RAM inaonekana, kisha tafuteni kwenye Windows programu iitwayo Windows Memory Diagnostic ili ikague kipande kipya. Kipande kibovu huharibu kazi kimyakimya, na ni heri kukigundua wiki hiyohiyo muuzaji akiwa bado anawakumbuka.

Mahali ambapo RAM haifiki

Sitakuwa nimewatendea haki nikinyamazia jambo la mwisho. Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Windows 10 imeondolewa katika huduma ya kawaida ya masahihisho ya usalama. Windows 11 huhitaji angalau GB 4 za RAM, lakini huhitaji pia kichakato na kifaa cha usalama ambavyo kompyuta ya mwaka 2012 haina. RAM haiwezi kuziba pengo hilo. Anayeingiza taarifa za wananchi katika mashine ya namna hiyo ana njia mbili: kuweka mfumo wa Linux, kama vile Ubuntu au Linux Mint, ambao hupatikana bure na huendelea kupata masahihisho, au kukubali kwamba muda wa kununua mashine nyingine umefika. Kabla ya kuchagua Linux, jaribuni kwanza kama printa yenu na mifumo mnayoitumia inafanya kazi humo.

Kwa hiyo, kabla kikao cha kikundi hakijapitisha ununuzi wowote, naomba muhtasari uwe na majibu ya maswali matatu. Kumbukumbu ilifika asilimia ngapi saa ya kazi nyingi? Diski je? Mfumo uliomo bado unapata masahihisho ya usalama? Mkiwa na majibu hayo, fundi hatawadanganya, muuzaji hatawapotosha, na mtunza hazina ataweza kusimama mbele ya wenzake na kueleza kwa nini fedha zimetoka.