Mwendee Kwanza

 

Nimepewa dakika chache kabla ya nyimbo, kwa hiyo nitasema jambo moja. Sisi Wakristo tumekuwa hodari wa kusemana. Kwaya haijafika hata kwenye viti vyake, tayari imechambuliwa: sare ni ya kujionyesha, wanacheza kama watu wa disko, yule wa besi anatembea na watu gani? Jumatatu maneno yako kwenye banda la kupimia majani chai, jioni yamefika kwenye kikundi cha WhatsApp. Anayesemwa ndiye wa mwisho kujua.

Ile sura ya upendo, 1 Wakorintho 13, tumeizoea harusini. Lakini Paulo hakuwaandikia maharusi. Aliwaandikia watu wa kanisa lililogawanyika makundi, wakishtakiana hadi mahakamani. Tena aliiweka katikati ya sura mbili zinazohusu ibada: nani ana karama kubwa, nani aseme, nani anyamaze. Yaani mambo yetu sisi wanakwaya. Ndiyo maana anaanza na vyombo vya kelele.

Na sisi wa Kipkelion tunajua maneno hufika wapi. Kabla ya nyumba kuchomwa, mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008, majirani walikuwa wameshaitwa “madoadoa”, na wengi wa waliosema hivyo walikuwa watu wa kanisa. Hata viongozi hawakupona. Februari 2008, Baraza la Kitaifa la Makanisa ya Kenya, NCCK, lilikiri hadharani kwamba viongozi wa kanisa walikuwa wameegemea upande, likaomba msamaha.

Sasa wakumbukeni wale wamonaki Watrapisti. Monasteri yao ilianzishwa hapa mwaka 1956 na wenzao kutoka Tilburg, Uholanzi. Nimewasikia Wakristo wa upande wetu wakiwasema: hawahubiri sokoni, hawaoi, wamejifungia kimya. Moto ulipowaka, mamia ya watu waliokimbia makwao walipata hifadhi kwa hao hao wanyamavu. Mwaka huohuo wamonaki wenyewe wakahama, wakaenda Uganda. Mimi sikubaliani nao katika mafundisho kadhaa, na sifichi. Lakini mama aliyefika pale na watoto mgongoni hakuwa na haja ya mjadala wa mafundisho.

Sisemi tusikosoane. Mwanakwaya akipotoka aambiwe. Soprano wakipanda juu ya noti pia waambiwe, tafadhali, na mapema! Ila Mathayo 18 inatupa utaratibu: kwanza wewe na yeye, peke yenu, halafu mmoja au wawili zaidi, mwisho ndipo kanisa. Sisi tumeugeuza. Tunaanza na kanisa zima, tunapitia steji ya bodaboda, na mwenyewe hatumfikii kamwe. Kama neno lako huwezi kulisema nyumbani kwake, ukiwa umeshika kikombe chake cha chai, nadhani halikuwa la kumjenga.

Katika jubilii hii tunawashukuru walioanza na walioendelea. Lakini wako ndugu waliowahi kuimba nasi ambao leo hawapo hapa mbele. Sauti wanazo. Waliondoka kwa sababu ya maneno yetu, wengine bila mtu hata mmoja kuwauliza kama yaliyosemwa ni kweli. Majina yao yangali kwenye daftari la mahudhurio. Ninaomba kila sauti igawane majina hayo na kuwatembelea kabla ya mazoezi ya mwezi ujao, wawili wawili, bila barua ya kamati na bila kupiga picha. Msiende kuwarudisha kwa nguvu, nendeni muwasikilize. Alto wameshachagua Jumamosi.