Majina yanayojirudia katika orodha ya watoto wetu

Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi kwa wajumbe wa kamati za sharika, Bukoba na Muleba



Tumepewa nafasi ya kuzungumzia jambo linaloonekana dogo: mtoto mmoja kuandikwa mara mbili katika faili la pamoja la Excel ambalo sharika zote zinalijaza. Mtoto huyo akipata sare mbili, mwenzake anayesubiri kule Nshamba anaingia shuleni Januari bila sare. Hilo kila mkaguzi huliona. Lakini tukifuta mstari tukidhani umerudiwa, kumbe ni mtoto mwingine, huyo hakuna mkaguzi atakayemwona, kwa sababu hayumo tena katika orodha. Leo tungependa kukaa zaidi kwenye hatari hii ya pili.

Marudio mengi hayatokani na wizi. Tukumbuke tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016. Mtu aliyeangukiwa na nyumba hutoa jina lake kila anapoulizwa, iwe na mwenyekiti wa mtaa, mzee wa usharika au mgeni mwenye daftari, na ana haki kufanya hivyo. Vivyo hivyo familia ya wavuvi huandikwa Kemondo, kisha huhamia Bumbire na kuandikwa tena. Majirani zetu wa Uganda walipohakiki wakimbizi wote kwa alama za vidole na mboni za macho mwaka 2018, idadi iliyokuwa ikitajwa ya watu milioni 1.4 ilishuka hadi kama milioni 1.1. Kazi hiyo ilichukua miezi kadhaa, na ilimtaka kila mtu afike mwenyewe.

Sasa tuje kwa majina yetu ya Kagera. Kihaya husema Mujuni, mwandishi aliyezoea Kiswahili huandika Mjuni. Rutta huwa Lutta. Yohana wa ubatizo ni John kwenye cheti cha shule. Kwa mwinjilisti wa mtaa hawa ni mtoto mmoja bila mjadala. Kwa kompyuta ni watu wawili. Hata nafasi moja iliyoachwa baada ya jina hulifanya jina kuwa jipya. (Herufi kubwa na ndogo hazina neno, Excel huzihesabu sawa.) Kwa hiyo kabla ya kutafuta marudio, tunasafisha kwanza nafasi za ziada kwa fomula ya TRIM, kisha tunapanga orodha kwa jina la mlezi badala ya jina la mtoto. Mkifanya hivyo, Mujuni na Mjuni wa bibi mmoja watasimama jirani, na macho ya mtu yatafanya kazi ambayo mashine haiwezi.

Upande wa pili ni mapacha. Wamezaliwa siku moja, mlezi mmoja, shule moja, darasa moja, simu moja ya nyumbani. Safu karibu zote zinafanana. Na kwa kuwa Kato na Nyakato ni majina ya mapacha kwetu, usharika mmoja unaweza kuwa na akina Kato kadhaa wasio na undugu wowote. Kile kitufe cha Excel cha kuondoa marudio kwa mara moja hakijui habari za mapacha. Ukichagua safu ya mlezi na ya tarehe ya kuzaliwa tu, pacha mmoja anaondoka, na kompyuta inakupongeza kwa kukupa idadi ya mistari iliyofutwa. Tunaomba kitufe hicho kisiguswe kabisa katika faili la pamoja.

Baadhi yenu mmependekeza tutumie namba ya NIDA ya mlezi. Wazo ni zuri, ila lina mitego miwili. Wa kwanza ni rahisi: bibi anayelea wajukuu watatu ataonekana mara tatu, na ndivyo inavyotakiwa. Wa pili umejificha. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na Excel hutunza tarakimu 15 tu za namba yoyote. Zinazobaki huzigeuza sifuri bila kukuambia. Hata ukiiandika kama maandishi, fomula ya COUNTIF, ambayo wengi tunaitumia kuhesabu marudio, huisoma kama namba na kulinganisha zile 15 za mwanzo. Tarakimu nane za kwanza ni tarehe ya kuzaliwa, tano zinazofuata ni za eneo. Mabibi wawili wa kata moja walioandikiwa tarehe ileile, tuseme 1 Januari kwa kuwa hawakujua siku waliyozaliwa, wanaweza kuonekana mtu mmoja. Dawa yake ni kuandika namba pamoja na vistari vyake kama ilivyo kwenye kitambulisho. Hapo Excel huichukua kama maneno na kuilinganisha yote.

Kwa mtoto mwenyewe, namba ya cheti cha kuzaliwa ndiyo bora pale cheti kipo.

Utaratibu tunaoupendekeza ni huu. Kila usharika unaongeza mistari, lakini hakuna anayefuta. COUNTIF ikionyesha zaidi ya moja, mstari unapakwa rangi ya njano. Mistari ya njano inachapwa na kupelekwa mtaani, na mwinjilisti pamoja na mzee mmoja wanafika nyumbani na kumwona mtoto. Ikithibitika ni mtoto mmoja, mstari wa pili unabaki, ila unaandikwa umeunganishwa na namba fulani, nani alithibitisha na tarehe gani. Tafadhali orodha hizi zisipigwe picha na kutumwa kwenye makundi ya WhatsApp. Zina habari za afya za watoto, na tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Neno kwa wafadhili wetu. Inawezekana baada ya uhakiki marafiki wawili wakaandikiwa kwamba wanamsomesha mtoto mmoja. Barua hiyo itatoka kwetu mapema, ikieleza nani alifika nyumbani na alikuta nini, na itaomba ruhusa yenu kabla fedha hazijahamishiwa kwa mtoto mwingine. Idadi ya watoto katika taarifa yetu inaweza kupungua. Tunaona ni heri ipungue kwa njia hii kuliko kubaki kubwa karatasini.

Karatasi za njano za kila usharika ziko mezani pale mlangoni, za visiwani zimefungwa kwenye bahasha ya plastiki kwa ajili ya mtumbwi. Kila mwenyekiti asaini anapochukua. Zirudi kwa mkono, si kwa simu, na ambaye hakukutwa nyumbani aandikwe hivyo hivyo: hakukutwa.