Turbo Mpya, Gari Bado Linachoka

Umebadilisha turbo ya gari lako la dizeli, lakini ukipanda kutoka daraja la Nithi, kati ya Meru na Embu, hata matatu zilizojaa zinakupita. Usimlaumu muuza spea kwanza. Ukiona moshi mweusi, kagua mipira ya hewa: klipu ikilegea, upepo huvuja kabla ya kufika kwenye injini, nawe utausikia ukifoka. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Huenda paipu ya kuirudisha imeziba. Ile nyembamba inayopeleka oili ndiyo hatari zaidi. Masizi yakiiziba, turbo mpya yaweza kufa ndani ya dakika chache. Mwambie fundi abadilishe paipu hiyo, pamoja na oili na filta, kabla hujawasha injini tena.