Mguu wa Dereva na Matumizi ya Mafuta katika Barabara za Mnero, Nachingwea na Ruangwa

Tangu reli ya Mtwara hadi Nachingwea, iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga ulioanzishwa na Waingereza mwaka 1947, ilipofungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, korosho, ufuta, saruji, dawa na abiria wa Nachingwea na Ruangwa husafiri kwa magari, na mafuta ya magari hayo nayo huletwa kwa magari. Kwa kuwa gharama ya usafirishaji huingizwa katika bei kikomo zinazotangazwa kila mwezi na EWURA, yaani Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, umbali kutoka bandarini huongeza bei ya kila lita. Mada hii inashikilia kwamba, hata penye barabara mbovu, sehemu kubwa ya mafuta yanayopotea hupotea kwa mguu wa dereva, na kwamba kosa hilo hurekebishika bila kununua kipuri chochote.

Injini huchoma mafuta ili kulipa gari mwendo, na kila breki inapokanyagwa mwendo huo hugeuka joto lisilorudi tangini. Dereva anayekimbia kutoka shimo moja hadi jingine kwenye changarawe ya kuelekea Mnero hulipia mwendo uleule mara nyingi, ilhali anayetazama mbali, akaachia mafuta mapema na kuliacha gari lipungue lenyewe, hufika karibu muda uleule. Kwenye lami adui ni ukinzani wa hewa, ambao hukua kwa mraba wa mwendo: kutoka kilometa 80 hadi 100 kwa saa huongezeka kwa zaidi ya nusu, na keria tupu juu ya paa huuzidisha.

Lipo zoea linalohitaji kukemewa waziwazi, nalo ni la kuweka gia huru, yaani nyutro, kwenye mteremko. Zoea hili lilirithiwa kutoka enzi za kabureta. Katika injini za kisasa, ambamo kompyuta ndiyo inayopima mafuta, mguu ukitoka kwenye pedali huku gari likiwa ndani ya gia, magurudumu huizungusha injini na mafuta hukatwa kabisa. Likiwekwa nyutro, injini hulazimika kuchoma mafuta ili isizime. Dereva basi hupoteza alichodhani anaokoa, tena hupoteza msaada wa injini katika kupunguza mwendo, na mzigo wote huziangukia breki. Kuzima injini kabisa ni hatari zaidi, kwa sababu usukani na breki hubaki bila nguvu ya ziada, na hakuna lita inayostahili kununuliwa kwa maisha ya abiria.

Kuhusu matunzo, upepo wa tairi ndio unaosahaulika zaidi, hasa baada ya kupunguzwa ili gari livuke mchanga. Idara ya Nishati ya Marekani hukadiria hasara ya takribani asilimia 0.2 kwa kila pauni moja ya upepo iliyopungua katika tairi zote. Hasara hiyo ni ndogo, lakini huambatana na tairi kuchemka na kulika pembeni. Chujio la hewa lililojaa vumbi huongeza ulaji wa mafuta katika injini za kabureta, na katika nyingine hupunguza nguvu. Gari linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne likirudi kwenye barabara kavu na ngumu, mfumo huo ufunguliwe mapema.

Hayo yote hayapimiki kwa macho. Tangi lijazwe, kilometa ziandikwe daftarini, kisha lijazwe tena: kilometa 360 kwa lita 40 ni kilometa 9 kwa lita. Zikishuka hadi 8 kwa njia ileile na mzigo uleule, kabla ya kuagiza plagi au nozeli mpya, fundi apime upepo, kisha akaribishe mkono kwenye ringi mwisho wa safari, kwani ringi moja iliyo ya moto kuliko nyingine mara nyingi huonyesha breki iliyoshika.