Noeli Yenye Nafasi Mezani



Noeli ya Baraka tunaijua. Usiku wa tarehe 24 kwaya zinaimba mpaka kunakucha. Asubuhi watoto wanapita njiani na nguo mpya. Viatu vinawabana, lakini hawavui. Nyumbani kuna mchele, kuna kuku, kuna mikeke ya kuchoma. Wiki moja tu, na Bonane imefika. Siisemi vibaya furaha hiyo. Hata malaika walimsifu Mungu usiku ule.

Lakini fungueni Luka 2:7. Mwokozi alilazwa wanapokulia wanyama, maana kwa wageni kulikuwa kumejaa. Na katika Matayo 2, Yusufu anaondoka usiku na mama na mtoto, wanakimbilia Misri. Watu wa Fizi, nani atatueleza safari ya namna hiyo? Tumeitembea.

Mwaka 1996 vita ilitufukuza, tukavuka ziwa Tanganyika. Nilikuwa kijana. Noeli moja katika kambi ya Nyarugusu hatukuwa na kitu ila unga na maharagwe ya msaada. Mama mmoja Muha, wa kijiji cha jirani, akatuletea ndizi. Hakuuliza kabila letu. Nguo niliyovaa siku ile nimeisahau. Ndizi zile sijazisahau.

Leo wanaotafuta nafasi wako kwetu. Warundi wako Lusenda tangu 2015. Wengine wamekimbia vijiji vya milimani, wamepokelewa katika nyumba za watu. Na mimi, mchungaji wenu, mwaka mmoja nilikopa pesa ili watoto wangu wavae kama wengine. Mgeni alipobisha siku ya Noeli, nilimfungulia huku nikiwaza deni, na malipo ya shule ya yule mkubwa. Hakukaa. Nyumba yangu ilikuwa na nguo mpya, nafasi haikuwamo.

Basi, baba na mama, mwaka huu tusikope kwa ajili ya nguo. Fueni ya zamani, mpige pasi. Pikeni mlichonacho, muongeze sahani moja. Mtume mtoto wako amwite mtoto wa mkimbizi, awe wa kabila lako au wa kabila unaloliogopa. Hapo ndipo pagumu, najua. Lakini mtoto yule hakuchagua vita, kama vile mimi sikuichagua.

Mungu awabariki. Noeli njema, na Bonane!