Amri ya Matunzo Haiishii Kwenye Hukumu

Hukumu ya matunzo ya mtoto haifanani na hukumu ya deni la kawaida, kwa kuwa deni lake huzaliwa upya kila mwezi, na mtoto anayestahili matunzo hayo hukua kila mwaka. Maoni haya yanashikilia kwamba mahakama inapaswa kuilea amri ya matunzo baada ya kuitoa, kwa kuitekeleza pale mzazi anapokaidi na kuirekebisha pale hali inapobadilika.

Tanzania Bara inao ushahidi wa madhara ya kiasi kisichobadilika. Sheria iliyohusu watoto waliozaliwa nje ya ndoa, kabla ya kufutwa na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, iliweka kikomo cha shilingi 100 kwa mwezi, kiasi ambacho katika miaka yake ya mwisho hakikununua hata mkate mmoja. Sheria mpya haikutaja kiwango, bali inamtaka hakimu apime kipato na mali za wazazi wote wawili, majukumu yao mengine ya matunzo, na gharama za maisha mahali anapoishi mtoto, ili amri ifuate maisha yalivyo.

Amri ikikaidiwa, mzazi anayemlea mtoto hurudi mahakamani kuomba kukaza hukumu, yaani kuiomba mahakama itumie nguvu zake ili kilichoamriwa kilipwe. Mwajiri anaweza kuagizwa kukata sehemu ya mshahara, au dalali wa mahakama akakamata mali na kuiuza, na kwa mdaiwa mwenye uwezo anayekataa kwa makusudi, upo ufungwa wa madai, ambao ni kuwekwa gerezani kwa sababu ya deni bila kuhesabiwa mhalifu. Njia ya mshahara ndiyo nyepesi, lakini haimfikii dereva wa bodaboda wala mchuuzi wa mitumba, ambao kipato chao hakina karatasi. Na gereza, likitumiwa kwa pupa, humzuia mdaiwa kutafuta fedha zilezile anazodaiwa. Ndiyo maana kumbukumbu ya malipo ina uzito mkubwa: ujumbe wa muamala wa simu, wenye tarehe na kiasi, humaliza ubishi ambao fedha taslimu iliyopitishwa mkononi huuacha wazi.

Upande wa pili ni marekebisho. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inairuhusu mahakama kubadilisha au kufuta amri ya matunzo endapo ilitokana na maelezo ya uongo au makosa ya ukweli, au endapo hali imebadilika kwa kiasi kikubwa. Amri iliyotolewa mtoto akiwa wa uji na kliniki haiwezi kumtosha anapoingia kidato cha kwanza, kwani ingawa ada ya shule za serikali ilifutwa, sare, madaftari, nauli na chakula bado vinamsubiri mzazi. Vivyo hivyo, baba aliyepunguzwa kazini au mama aliyepata maradhi ya muda mrefu ana haki ya kuomba kiasi kiangaliwe upya, ilimradi aombe mapema, kwa sababu amri ya zamani hubaki na nguvu hadi mahakama itakapoibadilisha, na anayejipunguzia mwenyewe hujilimbikizia deni hata kama shida yake ni ya kweli. Wala mzazi hapaswi kuzuia matunzo kwa sababu amenyimwa kumwona mtoto, au kumficha mtoto kwa sababu matunzo hayajalipwa, kwani haki zote mbili ni za mtoto, na kuzifanya rehani ni kumwadhibu yeye kwa ugomvi wa wakubwa.

Kwa hiyo mahakama zinapaswa kuagiza tangu mwanzo malipo yapite katika njia inayoacha kumbukumbu, kuweka fomu nyepesi ya kuomba marekebisho inayoweza kujazwa bila wakili, na kuwahusisha maafisa ustawi wa jamii katika kuipitia amri mara kwa mara, hasa mtoto anapobadilisha ngazi ya shule. Mzazi mwaminifu aliyeishiwa atapata mlango wa kusikilizwa, mkaidi atakosa pa kujificha, na mtoto atapata mahitaji yake angali mtoto, maana matunzo yanayofika amekwisha kuwa mtu mzima hayawezi tena kumlea.