Desemba ya Kajiado: Yanayobaki na Yanayoachwa

Mazungumzo kwa wakazi, likizo ya Desemba

Shule zimefungwa na kila nyumba inapanga sikukuu. Ni wakati mzuri wa kuulizana: katika desturi za familia, zipi zimebadilika, zipi zishikwe, na zipi ziachwe?

Tuanze na Kitengela. Kwa miaka mingi Desemba mjini hapa ilimaanisha kufunga nyumba ya kupanga na kusafiri mashambani. Mji ulikua kwa watu waliotoka kila pembe ya nchi kutafuta kazi Nairobi, Athi River na kwenye viwanda vya EPZ. Krismasi ikikaribia, mizigo ilipakiwa: unga wa ngano, mafuta ya kupikia, sukari na nguo mpya za watoto. Katika familia nyingi chapati ilikuwa chakula cha sikukuu, na mtoto aliijua Krismasi kwa harufu yake.

Leo chapati zinauzwa vibandani kila asubuhi. Wengi wamejenga hapa, na watoto wao wakiulizwa kwao ni wapi, hujibu Kitengela. Nauli hupanda msimu huu, na tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, wapo wanaotuma pesa badala ya kwenda wenyewe. Katika nyumba nyingine safari imegeuka: babu na nyanya ndio wanaokuja mjini.

Kwa wenyeji Wamaasai nako mambo hayakusimama. Ranchi ya kikundi ya Kitengela iligawanywa mwaka 1988, kila mwanachama akapata kipande chake. Baadaye zikaja nyaya za seng'enge, ploti za kuuza na nyumba za mawe. Ndugu walioishi enkang moja hawakuhitaji sikukuu ili wakutane. Walionana kila jioni ng'ombe wakirudi zizini. Sasa wengine hukutana Krismasi hadi Krismasi, na mbuzi wa kuchinja hununuliwa sokoni.

Hata hivyo, mbuzi akishachinjwa, nyama bado ina wenyewe: kuna vipande vya wazee, vya akina mama na vya vijana. Mtoto bado huinamisha kichwa ili mzee amguse na kumbariki. Baraka hiyo haihitaji ekari hata moja. Hufanyika sebuleni Kitengela sawasawa na ilivyofanyika bomani.

Mila nyingine zinahitaji kushikwa kwa nguvu zaidi. Mwaka 2018 UNESCO iliziorodhesha Enkipaata, Eunoto na Olng'esherr, sherehe za marika ya wanaume wa Kimaasai, kuwa turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka. Kijana asiyefundishwa nyumbani maana ya rika lake atabaki kuziona kwenye picha tu.

Lakini si kila kinachorithiwa kinafaa kupokezwa watoto. Likizo hii ndefu ndiyo pia wakati wasichana wako hatarini zaidi kukeketwa. Kidonda hupata wiki kadhaa za kupona kabla shule kufunguliwa, na pilkapilka za sikukuu huficha shughuli. Wengine huambiwa wanaenda kusalimia jamaa; wengine huvushwa mpaka.

Sheria ya mwaka 2011 iko wazi. Anayekeketa hufungwa kwa muda usiopungua miaka 3, au hutozwa faini isiyopungua shilingi 200,000, au vyote viwili. Msichana akifariki, kifungo kinaweza kuwa cha maisha. Kumvusha mpaka, kutoa nyumba itumike, na kujua bila kuripoti ni makosa pia.

Wapo wanaohofia kwamba kuacha kisu ni kuacha Umaasai. Jibu lipo humu humu Kajiado. Jamii kadhaa, zikishirikiana na Amref, zimefanya sherehe mbadala ambapo wasichana hufundishwa na kubarikiwa na wazee bila kukatwa. Kilichoondolewa ni kisu. Mafunzo, shanga, nyimbo na baraka vimebaki, na msichana hurudi darasani Januari.

Basi familia zikiketi mwezi huu, nyanya aulizwe majina ya ukoo na babu asimulie habari za rika lake. Na kabla nyama haijaisha, baba na mama waseme wazi mbele ya jamaa wote kwamba binti wa nyumba hiyo hatakeketwa. Neno lililosemwa mbele ya wazee ni vigumu kulizunguka kisirisiri.

Anayemjua msichana aliye hatarini amwarifu chifu au kituo cha polisi, au apige 116, simu ya kuwasaidia watoto, au 1195, ya dhuluma za kijinsia. Kupiga nambari hizo mbili ni bure.

Sikukuu njema kwa wote, na wanaosafiri wafike salama.